Chembe Zilizoruka Waya

Ami yangu alikuwa fundi wa televisheni, mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, na hakugusa kitu ndani ya seti kabla ya kufanya jambo moja. Huchukua bisibisi ndefu, huifunga waya shingoni, ncha ya pili ya waya huibana kwenye fremu ya chuma ya seti, kisha huipenyeza bisibisi taratibu chini ya kile kifuniko cha mpira kilichong'ang'ania mgongoni mwa tyubu. Tak! Cheche ya buluu, na harufu kama ya hewa baada ya radi. Na seti yenyewe ilikuwa imechomolewa ukutani tangu jana yake.

"Tyubu haijui kwamba umechomoa," aliniambia. "Utajua wewe, mkono utakapotupwa."

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, na Tanzania Bara ikasubiri mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo ufundi huo ulishakuwa kazi ya kulea familia kisiwani kwetu wakati wenzetu ng'ambo ya bahari bado wanasikiliza redio. Skuli tulifundishwa umeme kwa betri ya tochi, volti moja na nusu. Kwa ami nilikaa kwenye kigoda pembeni ya volti 25,000, nikinywa soda.

Nilikutana tena na volti za aina hiyo miaka mingi baadaye, chini ya ardhi, katika maabara ya chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Sitakitaja, maana aibu nitakayoisimulia ni yangu, si yao. Palikuwa na tufe la chuma cha pua, upana wake sentimita 30, limenyonywa hewa mpaka ikabaki kidogo sana. Ndani yake, katikati, lilining'inia tufe jingine dogo la waya, mfano wa dema la kutegea samaki, ila la mviringo na la kukaa kiganjani. Waya ule mdogo hupewa volti 30,000 za upande hasi. Gesi inayoingizwa ni deuteri, yaani haidrojeni nzito. Ikishapoteza elektroni zake, viini vyake vyenye chaji chanya huvutwa na waya kutoka pande zote, hupita katikati ya matundu, huvuka kitovu, hupanda upande wa pili, huishiwa nguvu, hurudi tena. Vikikutana viini viwili uso kwa uso kwa kasi ya kutosha, huungana. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na jua, ila jua hutumia uzito wake na sisi tulitumia umeme.

Nilipouliza nani aliyebuni kitu hiki, nikaambiwa Philo Farnsworth. Nilicheka mpaka wenzangu wakanitazama. Farnsworth ndiye yule yule aliyefanikiwa mwaka 1927, San Francisco, kupitisha picha ya kwanza ya televisheni ya kielektroni. Miaka ya 1930 alikuwa akitengeneza tyubu za kukuza mkondo wa elektroni, akaona nuru imejikusanya katikati ya tyubu bila kugusa ukuta. Wazo hilo halikumtoka kichwani. Miaka ya 1960, akiwa chini ya kampuni ya ITT huko Fort Wayne, Indiana, akaligeuza kuwa mashine ya kuunganisha viini, na hataza yake ya kwanza ikatolewa mwaka 1966. Kijana aliyefanya naye kazi, Robert Hirsch, alichapisha vipimo mwaka 1967 vilivyowashangaza wengi. Ajabu ya dunia ni kwamba Hirsch huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza mpango wa serikali ya Marekani wa nishati ya aina hiyo miaka ya 1970, na fedha akazielekeza kwenye mashine za sumaku, si kwenye tufe la mwalimu wake.

Wala Farnsworth hakuwa wa kwanza. Mwaka 1950 mwanajeshi kijana wa Kisovieti, Oleg Lavrentiev, akiwa kambini kisiwani Sakhalin, aliandika barua Moscow akipendekeza nyavu za umeme za kuzuia viini vya moto. Barua ilimfikia mwanafizikia Andrei Sakharov, ambaye aliona nyavu zitaungua, akaanza kufikiria sumaku. Elmore, Tuck na Watson wa Los Alamos nao walichapisha hesabu zao za tufe mwaka 1959. Kwa hiyo tatizo la waya lilijulikana kabla sijazaliwa. Nakumbusha hili kwa sababu mbele nitajifanya sikulijua.

Kazi yangu haikuwa kuwasha mashine. Kazi yangu ilikuwa kuiiga ndani ya kompyuta.

Uigaji wa namna hii una siri moja ambayo Mtanzania yeyote ataielewa haraka kuliko Mmarekani. Ndani ya tufe lile kuna viini mabilioni kwa mabilioni, na hakuna kompyuta ya kukifuata kila kimoja. Basi unateua wajumbe. Chembe moja ya kwenye kompyuta inasimama badala ya chembe milioni kumi za kweli, kama balozi wa nyumba kumi anavyosimama badala ya watu asiowajua hata majina. Nafasi ya ndani ya tufe unaigawa vyumba vidogo. Unahesabu kila chumba kina chaji kiasi gani, kutokana na chaji unapata uga wa umeme, uga unaisukuma kila chembe, chembe zinahama vyumba, kisha unahesabu upya. Mara milioni. Kitabu cha Birdsall na Langdon cha mwaka 1985 kilikuwa mezani kwangu kimejaa alama za chai.

Kusogeza chembe kuna mtindo wake. Mahali na kasi havihesabiwi kwa wakati mmoja. Kimoja kiko nusu hatua mbele ya kingine, vinarukana, kama watoto wanaocheza kichurachura. Ni njia nyepesi na ya uaminifu, kwa sharti moja: hatua iwe fupi. Ukirefusha hatua, kompyuta haikulalamikii. Inaendelea kukupa majibu, tena yamenyooka.

Mimi nilichagua hatua ya nanosekunde moja. Sababu yangu ilikuwa ya kibinadamu kabisa: kwa hatua hiyo kazi nzima ilimalizika usiku mmoja, nikiamka naikuta tayari.

Na majibu yalikuwa matamu. Viini vyangu vilikwenda na kurudi mamia ya mara bila kuchoka, vikasongamana kwenye kitovu mpaka rangi kwenye mchoro ikawa nyeupe. Programu ilitabiri nyutroni, zile chembe zinazorushwa viini vinapoungana, bilioni 4 kwa sekunde. Mashine yenyewe, pale chini, ilikuwa ikitoa kama laki tano. Tofauti ya mara elfu nane! Mtu mwenye akili zake angejiuliza mara moja nani kati ya hawa wawili anasema uongo. Mimi niliona mashine ndiyo yenye kasoro: pengine waya haujakaa sawa, pengine pampu ni mbovu. Nikatengeneza hoja kwamba tukirekebisha hiki na kile, mashine itaifikia modeli. Sikia hiyo sentensi vizuri, mashine iifikie modeli.

Niliuonyesha mchoro kwenye semina, Novemba 2009. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza kama nimehakiki kwamba nishati haiongezeki wala haipungui. Nikajibu ndiyo. Haukuwa uongo mtupu: nilikuwa nimejaribu chembe moja, kwenye kisima laini cha volti kisicho na waya hata mmoja. Ni sawa na kuipima ngalawa kwenye karai.

Desemba hiyo nikaenda nyumbani. Nilifika siku chache baada ya kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme kutoka Bara kufa. Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010. Walioishi wanakumbuka: pampu za maji kimya, foleni za ndoo, mahoteli yakinguruma majenereta usiku kucha, na barafu ikiuzwa kama dhahabu. Ami alikuwa na jenereta dogo la petroli dukani. Ufundi wa televisheni ulikuwa umesimama, nani atengeneze seti ya kutazama giza? Lakini alijaza meza simu za watu, anazichaji kwa malipo, na alikiri kwamba mwezi ule aliingiza zaidi ya alivyozoea.

Nikamwomba nafasi ya kompyuta yangu kati ya zile simu. Alinipa, kwa masharti ya saa mbili. Ilipowaka akataka kujua nasomea nini hasa, nikamwonyesha. Habari za viini kuungana nilizieleza kwa shida, lakini tulipofika kwenye volti tulikuwa kwenye lugha yake. Nilimwambia kwamba kiini kikianguka kwenye kisima cha volti 30,000, hupata nishati ya elektronivolti 30,000, si zaidi, na kwamba kuigeuza hiyo kuwa joto ni kama nyuzi milioni 350. (Neno joto hapa lina udanganyifu kidogo, maana chembe hizi zinakwenda mstari mmoja, hazivurugiki kama za kwenye jua. Lakini ukitaka kumshangaza ami yako, litumie.) Hakushangaa. Aliweka kidole kwenye mchoro mwingine, wa pembeni, ambao mimi sikuwahi kuutazama vizuri.

"Umeingiza ngapi?"

"Elfu thelathini, ami."

"Na huyu wa juu hapa, mbona arobaini na nne?"

Nikanyamaza.

"Basi kuna flaibeki ya pili umeificha humo," akasema, na akacheka, kisha akaitwa na mteja aliyetaka simu yake ikiwa na chaji nusu tu kwa sababu alikuwa na nusu ya pesa. Hakurudi tena kwenye mazungumzo hayo. Sidhani kama alijua alichokisema kimeniingia wapi.

Kwa asiyejua, flaibeki ni kile kitransfoma ndani ya televisheni ya zamani kinachopandisha volti chache mpaka maelfu. Ndani ya tufe langu hakukuwa na kitu kama hicho. Bembea isiyosukumwa haiwezi kurudi juu zaidi ya ilikoachiwa, na chembe zangu zilikuwa zikirudi juu zaidi kila mzunguko. Kwa viini hivi hilo si jambo dogo, kwa sababu uwezekano wa kuungana unapanda kwa ukali. Kwa deuteri, nishati ya mgongano ikitoka elektronivolti 10,000 kwenda 100,000, uwezekano huo unakua zaidi ya mara mia moja. Ukikiongezea kiini nishati ya bure kidogo tu, unapata nyutroni za bure nyingi.

Saa zangu mbili zikaisha, kompyuta ikazimika, na sikuwa na la kufanya ila kukaa ukumbini na taa ya chemli na penseli. Nashukuru kwa giza lile, maana kama umeme ungekuwepo ningewasha programu tena na kubadilisha namba kwa kubahatisha. Badala yake niliandika juu ya karatasi jambo ambalo nilipaswa kuliandika mwaka mzima nyuma. Kiini cha deuteri chenye elektronivolti 30,000 kinakwenda mita milioni 1.7 kwa sekunde. Kwa nanosekunde moja kinasogea milimita 1.7. Unene wa waya wetu: milimita 0.8.

Niliitazama karatasi ile kwa muda. Chembe zangu zilikuwa zinauruka waya. Hatua moja kiini kiko upande huu, hatua inayofuata kiko upande ule, na kompyuta haikuwahi kukiona kikiwa juu ya waya ili ikihesabu kimekufa. Ndiyo maana viliishi mamia ya mizunguko. Na kwa kuwa karibu na waya ndipo uga wa umeme ulipo mkali kuliko popote, hatua ndefu pale ilizipa chembe teke moja kubwa lisilolipwa na teke la kurudisha nyuma. Hapo ndipo elfu 14 za ziada zilipotoka. Flaibeki ya pili ilikuwa ni uvivu wangu.

Kurudi chuoni kulikuwa kuzito kuliko mizigo. Nilipunguza hatua mara 20, na kazi ya usiku mmoja ikawa ya siku 20. Waya ukaanza kuua kama inavyopasa. Wavu wetu uliacha wazi asilimia 95 ya njia, na hiyo inasikika nyingi mpaka uizidishe yenyewe kwa yenyewe: baada ya kupita mara 14, zaidi ya nusu ya viini vimeshagonga chuma. Utabiri ukaanguka kutoka bilioni 4 hadi milioni 60. Nilisimama kwenye semina ile ile, mbele ya watu wale wale, nikasema mchoro wa Novemba ufutwe. Yule wa nyuma hakusema kitu. Hilo liliniuma kuliko angesema.

Mtu angedhani kisa kimekwisha, lakini milioni 60 si laki tano. Safari hii sikuilaumu mashine, ingawa nilitamani. Nilikaa na kihesabu nyutroni chenyewe, bomba lililofunikwa kwa plastiki nene ya kupunguza mwendo wa nyutroni, likitoa mlio wake wa pole pole, nikamwomba mwendeshaji aongeze gesi kidogo, apunguze kidogo. Namba zilibadilika kwa namna ambayo modeli yangu haikuweza kuisema kabisa, kwa sababu ndani ya modeli yangu gesi haikuwepo. Nilikuwa nimeweka viini tu, vikielea katika utupu safi.

Utupu wa mashine zile si safi hata kidogo. Shinikizo la paskali moja ni sehemu moja ya laki ya hewa tunayovuta, lakini bado lina molekuli nyingi kiasi kwamba kiini kinachokimbia hakimalizi sentimita chache kabla ya kukutana na mojawapo. Na mkutano wenyewe ni wa wizi: kiini chenye kasi kinaipora molekuli iliyotulia elektroni yake, kinakuwa hakina chaji tena, kwa hiyo waya haukivuti wala kukirudisha, kinakwenda moja kwa moja mpaka ukutani. Molekuli iliyoporwa ndiyo inayobaki na chaji, ikiwa baridi, katikati ya mteremko, na haitawahi kuzifikia zile 30,000 kwa sababu imezaliwa tayari imeshuka nusu ya njia.

Nilipoiingiza gesi, utabiri ukashuka hadi laki tatu. Sasa modeli ilikuwa chini ya mashine badala ya juu, na katika kazi hii tofauti ya laki tatu na laki tano ni ujirani mwema. Lakini namba haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba picha yote iligeuka. Ile nyota nzuri inayong'aa katikati ya wavu, yenye miale ya zambarau inayochomoza kwenye matundu, ambayo kila mgeni wa maabara hupiga picha, haikuwa tanuri. Miungano mingi ilikuwa ikitokea ovyo ovyo, tufe zima, chembe za kasi zisizo na chaji zikigonga gesi iliyotulia na deuteri iliyojibanza kwenye ukuta wa chuma. Miaka miwili nilikuwa nimeukodolea macho mwanga.

Baadaye nilisoma tasnifu ya udaktari ya Todd Rider, aliyoiwasilisha MIT mwaka 1995. Kwa hesabu za karatasi anaonyesha kwamba viini vikikutana, mara nyingi mno huparuzana na kutawanyika kabla ya kuungana hata mara moja, na gharama ya kuvirudisha kwenye mstari inameza faida. William Nevins aliandika hoja ya jamaa hiyo mwaka huo huo. Wapo waliojaribu kulikwepa tatizo la waya kwa kuuondoa kabisa na kuweka sumaku za kushika elektroni, kama Robert Bussard, ambaye alipigania mashine yake mpaka alipofariki mwaka 2007. Nawaheshimu. Hukumu yangu mwenyewe, kwa mashine ya wavu, ni kwamba haitawasha taa ya mtu. Kuunganisha viini si kazi ngumu, mwaka 2008 kijana wa miaka 14, Taylor Wilson, alifanya hivyo kule Nevada. Ugumu ni faida. Yetu ilikula wati 450, na kwa nyutroni zile laki tano nishati yote ya miungano haikufika hata sehemu moja ya milioni ya wati moja. Inafaa kama chanzo cha nyutroni, na inafaa sana kumfundishia mtu kiburi chake.

Ami alifunga duka televisheni bapa zilipojaa mjini. Hazina tyubu, hazina cha kupiga tak. Bisibisi yake ninayo, na waya wake bado umefungwa shingoni.

Kwa kijana anayesoma fizikia na anayetaka kuanza: kompyuta uliyonayo inatosha, na programu za kazi hii zipo za bure. Usianze na chembe milioni. Weka moja, weka na waya, kwenye kisima cha volti 30,000, iache iende na kurudi mara elfu, kisha soma nishati yake. Ikisoma 31,000, zima kompyuta, tafuta penseli.